Hatua Hamsini za Mfalme

Shamba lina mipaka yake, na nyumba ina kuta zake. Lakini ufuo wa bahari hauna ukuta wala mpaka uliotulia. Maji huja na kurudi, na mchanga uliokuwa mkavu asubuhi huwa chini ya mawimbi jioni. Kwa sababu hiyo wanasheria tangu zamani wamepata taabu kulijibu swali linaloonekana dogo: ufuo ni wa nani? Warumi walilijibu kwa maneno machache. Kitabu cha mafunzo ya sheria kilichotolewa kwa amri ya Kaisari Justinian mwaka 533 kilihesabu hewa, maji yapitayo, bahari, na kwa ajili ya bahari fuo zake pia, kuwa vitu vya watu wote. Mtu hakuweza kukatazwa kuufikia ufuo. Lakini papo hapo kitabu kiliongeza sharti: huyo anayefika ajiepushe na nyumba, makaburi na majengo ya wenziwe. Haki na sharti viliandikwa pamoja, kama ndugu waliozaliwa siku moja. Historia ya fuo za Karibi, kwa sehemu kubwa, ni habari za ndugu hao wawili jinsi walivyotenganishwa, na jinsi wanavyotafutana hata leo.

Visiwa vya Bahari ya Karibi vimejipanga mfano wa upinde, kutoka Kuba hata karibu na pwani ya Venezuela. Huko swali la ufuo lina uzito wa peke yake, na sababu ya kwanza ni maji yenyewe. Msomaji aliyezoea pwani ambako maji yakipwa huacha wazi mwendo mrefu wa mchanga na miamba, wanawake wakaenda kuokota chaza, na wavuvi wakatembea kwa miguu mpaka kwenye mitego yao, huenda akadhani kwamba kila pwani iko hivyo. Sivyo. Katika Martinique na visiwa jirani tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa haifiki hata mita moja. Sheria ikisema kwamba mali ya umma ni ule mchanga tu unaofunikwa na kufunuliwa na maji, umma utakuwa umepewa utepe mwembamba usiotosha kulaza mtumbwi. Jambo kubwa, basi, ni ardhi iliyo nyuma ya ufuo: mahali pa kuvuta chombo, pa kuanika nyavu, pa kukaa kivulini, na pa kupita. Ni ardhi hiyo iliyogombaniwa kwa karne nne.

Wafaransa walikuja kukaa Martinique na Guadeloupe mwaka 1635. Hawakuzikuta fuo tupu. Wakalinago, wenyeji wa visiwa hivi, walikuwa mabaharia hodari waliosafiri kwa mitumbwi kutoka kisiwa hata kisiwa, nao waliujua kila upenyo wa miamba. Katika muda usiozidi miaka thelathini walikwisha fukuzwa Martinique, na kwa mapatano ya mwaka 1660 visiwa vya Dominika na St. Vincent viliachwa kuwa makao yao. Yafaa jambo hili litajwe mwanzoni, maana mfalme aliyejitengea sehemu ya pwani alijitengea katika ardhi iliyokuwa na wenyewe.

Kwanza visiwa viliendeshwa na makampuni ya biashara. Mwaka 1674 Mfalme Louis XIV, katika siku za waziri wake Colbert, aliivunja kampuni ya mwisho akavitia visiwa katika milki yake. Ni katika karne hiyo ulipopata nguvu mpango uliojulikana kwa jina la hatua hamsini za mfalme. Kuizunguka pwani yote ya kisiwa ulitengwa ukanda ambao mwenye shamba hakuruhusiwa kuumiliki. Hatua iliyotumika haikuwa ya mtu anayetembea ovyo. Ilikuwa hatua ya wapimaji, yenye futi tano za Kifaransa za kale, na hamsini zake ni mita 81 na sentimita 20, zikihesabiwa kutoka mahali maji yanapofika yakijaa kabisa. Ukanda huo haukuuzika, wala haukuweza kupatikana kwa kukaliwa miaka mingi. Mpango wa namna hiyo hiyo ulitumika pia katika kisiwa cha Réunion, upande wetu wa Bahari ya Hindi.

Makusudi ya mfalme hayakuwa huruma kwa wanyonge. Karne ya 17 na ya 18 zilikuwa karne za vita baina ya Ufaransa, Uingereza, Uholanzi na Hispania, na visiwa vya sukari vilikuwa tunu iliyowaniwa na wote. Adui angekuja kwa bahari. Kwa hiyo pwani ilitakiwa iwe wazi kwa askari na imefungwa kwa maadui. Katika hatua hamsini palijengwa ngome na kuwekwa mizinga. Askari walipata njia ya kupita kutoka ghuba moja kwenda nyingine bila ya kumwomba ruhusa mwenye shamba. Miti iliachwa isimame ili iwe kizuizi kwa wenye kushuka kutoka merikebuni, na mbao zake zitumike kwa ngome na kwa kutengenezea vyombo. Mafundi na wavuvi waliohitaji kuwa karibu na maji waliweza kupewa nafasi ya kujenga vibanda vyao. Kila aliyekaa pale alikaa kwa idhini, na idhini iliweza kuondolewa wakati wowote.

Wenye mashamba ya miwa hawakuupenda mpango huu. Sukari yao ilitoka kwa bahari, na kila mmoja alitaka gati lake, ghala lake na njia yake. Walijenga, wakapanda, wakasogeza vigingi kidogo kidogo kuelekea majini, na maofisa wa mfalme, ambao mara nyingi walikuwa marafiki wa wenye mashamba au wenye mashamba wao wenyewe, walifumba macho. Hata hivyo hati haikutolewa. Juu ya karatasi, tajiri mwenye watumwa mia mbili alikuwa mgeni wa mfalme katika hatua hamsini kama alivyokuwa mvuvi maskini mwenye kibanda cha makuti. Tofauti hiyo ya karatasi haikuonekana kuwa na maana kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Kisha ikawa na maana kubwa.

Tarehe 27 Aprili 1848 serikali mpya ya jamhuri huko Paris ilitoa amri ya kukomesha utumwa. Watumwa wa Martinique hawakungoja merikebu iilete amri hiyo. Waliinuka tarehe 22 Mei, na siku ya pili yake gavana akautangaza uhuru. Mwaka uliofuata mabwana walipewa fidia kwa sheria. Waliokuwa watumwa hawakulipwa kitu, wala hawakugawiwa ardhi. Mtu alitoka utumwani akiwa na mikono yake na nguo aliyoivaa, katika kisiwa ambacho karibu kila bonde zuri lilikuwa na hati ya bwana wake wa jana. Akibaki katika kibanda cha shambani, atabaki chini ya amri ya mwenye shamba. Akitaka kuondoka, aende wapi?

Njia zilikuwa mbili. Wako waliopanda vilimani, kwenye miteremko mikali ambako miwa haikufaa, wakalima vyakula vyao. Na wako walioshuka pwani, wakajenga katika hatua hamsini. Hapo hapakuwa na bwana wa kuwatoza kodi, na bahari iliyo mbele ya mlango haikuwa na hati. Mtu aliweza kuvua, kuchonga mtumbwi, kufuga kuku wachache, na kwenda kufanya kibarua shambani siku anayotaka mwenyewe. Ukanda ambao mfalme aliutenga kwa ajili ya mizinga ukawa mahali pa kwanza ambapo watu walioachwa huru waliweza kusimama bila ya kuwa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Vijiji vingi vya wavuvi vya Martinique na Guadeloupe, vile ambavyo wageni huvipiga picha leo kwa uzuri wa mashua zake, vilikua katika ukanda huo.

Habari hiyo haikuwa ya Wafaransa peke yao. Dominika iliingia mikononi mwa Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1763. Wao nao, walipoiuza ardhi kwa wenye mashamba, walibakiza ukanda wa pwani kuwa wa taji, na waliupima kwa mnyororo wa wapimaji, ulio na futi 66; minyororo mitatu ilifanya kadiri ya mita 60. Baada ya utumwa kukomeshwa katika makoloni ya Uingereza, watu wa Dominika walioachwa huru walifanya kama walivyofanya wa Martinique baadaye: walijenga katika minyororo mitatu, kwa sababu palikuwa mahali pasipo na bwana wa karibu. Basi wafalme wa mataifa mawili yaliyopigana kila mara waliwaachia maskini urithi wa namna moja, na hakuna katika wafalme hao aliyekusudia.

Lakini ukanda wa taji ukiwa mikononi mwa serikali isiyowajali watu huweza pia kuwa kufuli. Mfano ni Jamaika. Sheria ya kutawala fuo ya mwaka 1956, miaka sita kabla ya uhuru, ilisema kwamba haki zote za ufuo na za chini ya bahari ni za taji, ila zile ambazo watu walikwisha kuwa nazo. Wavuvi waliokuwa wakizitumia fuo kabla ya sheria waliachiwa matumizi yao. Watu wengine wote hawakutajwa kuwa na haki ya jumla ya kuoga baharini wala ya kufika huko. Serikali ndiyo iliyotoa leseni. Mahoteli yalipata leseni, yakajenga kuta, na mwananchi aliyetaka kuoga alitakiwa athibitishe kwa ushahidi kwamba umma umepita mahali fulani kwa miaka mingi. Mpaka katika miaka ya 2020 mashauri ya namna hiyo yamekuwa yakipelekwa mahakamani Jamaika, watu wakidai fuo walizoogelea babu zao.

Visiwa vya Virgin vya Marekani vilichukua njia ya pili. Mwaka 1917 Marekani ilinunua kutoka Denmark visiwa vya St. Thomas, St. John na St. Croix, pamoja na vidogo vinavyovizunguka, kwa dola milioni 25 za dhahabu. Kwa muda mrefu watu wa huko walikwenda pwani kama walivyotaka. Ila tangu miaka ya 1950 watalii walipoongezeka, ardhi ya pwani ilipanda bei, na nyaya na kuta zikaanza kuonekana. Mwaka 1971 baraza la kutunga sheria la visiwa hivyo lilipitisha sheria ya fuo wazi. Sheria hiyo ilikumbusha kwamba watu walizitumia fuo bila ya kizuizi katika siku za Wadenmark na katika siku za Wamarekani vilevile, na ikakataza mtu yeyote kuweka kizuizi. Eneo la umma lilipimwa kutoka mstari wa maji yaliyopwa mpaka futi 50 kuelekea bara, au mpaka majani ya asili yanapoanzia, au mpaka kizuizi cha asili kama jabali. Kipimo kilicho kifupi kuliko vyote ndicho kinachofuatwa. Futi 50 ni kadiri ya mita 15, ambazo hazifiki hata sehemu moja katika tano za hatua hamsini za mfalme.

Upungufu mkubwa zaidi, lakini, hauko katika upana. Sheria iliwapa watu ufuo. Haikuwapa njia ya kupita katika shamba la mtu ili waufikie. Ghuba iliyozungukwa na ardhi ya watu binafsi ni ya umma kwa sheria, na ufunguo wake umo mfukoni mwa jirani. Matokeo yake ni jambo ambalo watunga sheria hawakulitaka: mgeni mwenye chombo cha starehe hutia nanga mbele ya mchanga akashuka, naye hana kosa, mwenyeji asiye na chombo, ambaye sheria ilitungwa kwa ajili yake, husimama kwenye lango lililofungwa. Haki ya mahali bila ya haki ya njia ni kama kisima kisichokuwa na kamba.

Huko katika visiwa vya Kifaransa mambo yalikuwa yamegeuka pia. Mwaka 1946 Martinique na Guadeloupe zilifanywa mikoa ya Ufaransa, na amri ya tarehe 30 Juni 1955 ikaziondoa hatua hamsini katika mali ya umma isiyouzika, ikazitia katika mali ya serikali inayoweza kuuzwa. Kwa miaka thelathini na mmoja ukanda wa mfalme uliweza kununuliwa. Wakati ule ule mashamba ya miwa na viwanda vya sukari vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kimoja, na watu wa mashambani wakamiminika mjini Fort-de-France, wakajenga kwa mabati na mbao kando ya maji na penye mikoko, katika mitaa kama Texaco na Volga-Plage. Ukanda ule ule, basi, ulivutwa na watu wa aina mbili: wenye fedha waliotaka mandhari, na wasio na kitu waliotaka mahali pa kulala.

Sheria ya pwani ya tarehe 3 Januari 1986 ilizirudisha hatua hamsini katika mali ya umma, na biashara ya kuziuza ikazuiwa. Likabaki tatizo la watu waliokwisha kaa. Ikiwa ufuo ni wa wote, je, familia iliyozaliwa hapo vizazi vinne ifukuzwe kwa jina la wote? Sheria ya tarehe 30 Desemba 1996 ilijaribu kujibu. Iliagiza sehemu zenye nyumba zitengwe na sehemu za asili. Wakaaji wa zamani waweze kuomba kuuziwa viwanja vyao. Na idara maalumu ziundwe, moja Martinique na moja Guadeloupe, kuitengeneza mitaa hiyo kwa barabara na maji. Kazi imekwenda polepole, na muda wa idara hizo umeongezwa zaidi ya mara moja. Nayo bahari haingoji makaratasi. Katika mji wa Le Prêcheur, kaskazini mwa Martinique, nyumba za ufuoni zinatishwa na mawimbi kwa mbele na matope ya Mlima Pelée kwa nyuma, na imebidi kufikiriwa kuwahamisha watu waliokaa hapo tangu zama za mababu. Mtu anayesema kwamba pwani ni ya umma hana budi kukumbuka kwamba na hao ni umma.

Kupita Le Prêcheur, mahali barabara inapokoma, kuna ghuba iitwayo Anse Couleuvre. Mchanga wake ni mweusi kwa sababu ya moto wa mlima, na hufikiwa kwa njia ya miguu inayopita chini ya miti mikubwa. Njiani yamo magofu ya shamba la zamani: kuta za mawe zilizokamatwa na mizizi. Palikuwa na bwana hapa, na watumwa, na mazao yaliyopelekwa majini. Leo bwana hayupo, msitu umerudi, na njia iko. Kutoka hapo huendelea njia ndefu ya miguu mpaka Grand'Rivière, ikifuata pwani isiyokuwa na barabara ya gari.

Mtu anayekwenda mahali pa faragha kama hapo anatumia haki iliyogharimu watu wengi. Lile sharti la Warumi linamhusu kuliko linavyomhusu mtu wa mjini, kwa sababu hapa hakuna askari wa kumtazama. Apite katika njia iliyopo, asikate nyingine katika shamba la mtu, maana lango lililovunjwa mara moja hujengwa tena kwa chuma, na anayefungiwa nje ni mwenyeji. Asikate mimea inayotambaa juu ya mchanga wala miti inayouzuia usichukuliwe na maji. Ufuo uliokatwa miti hupungua, na haki ya ufuo uliokwisha liwa na bahari haimfai mtu. Asiwashe moto wala taa kali usiku katika miezi ambayo kasa hupanda kutaga. Ajihadhari na mti uitwao mancenillier, wenye tunda dogo la kijani mfano wa tofaa, ambao utomvu wake huunguza ngozi hata ukichanganyika na mvua. Watunza misitu wa Martinique huupaka alama nyekundu shinani. Akikuta mtumbwi umevutwa juu na nyavu zimeanikwa, ajue kwamba mwenye vyombo hivyo alitangulia kuja, na mwenye kutangulia haondolewi ili mwenye kuja kuoga apate nafasi ya kutandika.

Mfalme Louis hakuwafikiria wavuvi, wala waogaji, wala kasa. Alifikiria mizinga. Lakini kwa kukataa ufuo usiwe wa mtu mmoja, aliacha nafasi ambayo vizazi vilivyofuata viliijaza kwa mahitaji yao: kwanza makao, kisha riziki, na mwishowe mapumziko. Kila kizazi kilichojaribu kuiuza nafasi hiyo kililazimika kuirudisha, au kinaendelea kuishtakiwa mahakamani. Leo mizinga imekwisha shika kutu katika ngome za Martinique. Hatua hamsini bado zinahesabiwa.